Adelina Mbawala, Aliyetoka Akakosa pa Kufikia

Leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, tumekuja makaburini kumsindikiza Adelina Kilian Mbawala, mama yake Consolata. Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, Nabintu, fundi cherehani wa Weston, hapa Toronto, na yeye ndiye anayeusoma. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na ndugu wa damu, lakini upande huu wa dunia marehemu hakuwa na wa damu isipokuwa binti yake. Mama yake mzazi, Mama Xaveria, yuko Songea, anatusikiliza kwa simu aliyoshikiwa na jirani. Ni yeye aliyesema wifi asome. Wifi ni mtani, alisema, na mtani hafungwi mdomo msibani.

Kuna jambo liwekwe wazi mapema. Wiki iliyopita Mchungaji Macharia, aliyeketi pale mbele, aliomba kwa upole kabisa kwamba wasifu huu uwe ushuhuda, ili vijana wapate la kujifunza. Wapo na wengine waliotaka aya ya kazi iseme tu kwamba marehemu alikuwa mhudumu wa afya, kisha twende kwenye wimbo. Nabintu akapiga simu Songea kuomba ushauri. Mama Xaveria akamjibu: "Mwanangu amefichwa vya kutosha, na ameanikwa vya kutosha. Msimulieni tu kama anavyosimuliwa mtu." Consolata naye ameridhia. Basi Adelina atasimuliwa kama mtu.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 19 Machi 1982 katika hospitali ya Peramiho, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto pekee wa Mzee Kilian Mbawala, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, na Mama Xaveria, mwalimu wa chekechea. Alikulia Songea mjini. Tangu angali mdogo alikuwa na kipaji kilichowapa wazazi wake raha na fedheha kwa kipimo kimoja: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Alipokuwa darasa la tatu alijibanza nyuma ya kabati, akatoa sauti ya mwalimu mkuu akiamuru darasa zima lisimame liimbe wimbo wa taifa. Darasa likasimama, likaimba. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anapita nje, naye akasimama wima mpaka wimbo ukaisha, ndipo akaingia kumtafuta mhalifu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo mjini, kisha sekondari ya wasichana ya masista, akamaliza kidato cha nne mwaka 2000. Moyo wake ulikuwa kwenye uuguzi. Kemia ikamwangusha, akachukua kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya, na mwaka 2002 akaajiriwa katika zahanati moja Temeke, Dar es Salaam. Wagonjwa walimpenda kwa sababu alimwiga daktari akisoma mwandiko wake mwenyewe na kushindwa.

Huko Dar ndiko alikokutana na Fabrice, kaka yake Nabintu, kwenye harusi ya jamaa. Familia yetu ni ya Uvira, Kongo, iliyolelewa Kigoma, na Fabrice alikuwa ametangulia kuhamia Toronto. Alirudi likizo na koti la ngozi kwenye joto lile la Dar, akidhani anapendeza. Adelina alimwiga namna anavyofuta jasho, ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na Fabrice akapenda hapohapo. Walifunga ndoa tarehe 23 Julai 2005. Adelina alimfuata mumewe Toronto tarehe 11 Februari 2007, wakapanga kwenye jengo la ghorofa huko Weston, upande wa mto Humber, na tarehe 9 Juni 2008 wakajaliwa Consolata, ambaye sote tunamwita Connie.

Nabintu aliishi ghorofa ya chini yao. Yeye na Adelina walitaniana kuanzia wiki ya kwanza mpaka wiki ya mwisho. Adelina alisema nguo za wifi yake zinashonwa kwa macho yaliyofumbwa, na Nabintu alisema ugali wa Songea unafaa kuzibia nyufa. Kama kuna mtu hapa hajui utani wa mawifi, ajue kwamba ndivyo watu hawa wawili walivyokuwa wakiambizana wanapendana.

Ndoa haikudumu. Nabintu hatamsema sana kaka yake mbele ya watu, naye ametuma maua, mmeyaona. Inatosha kusema kwamba mwaka 2012 Adelina, aliyekuwa akifanya kazi kwenye makao ya wazee, aliumia mgongo akimwinua mgonjwa, akakaa nyumbani miezi mingi, na mwaka uliofuata Fabrice akapata kazi Alberta na hakurudi. Daktari alikuwa amempa Adelina vidonge vya maumivu. Daktari alipovisimamisha, mwili wake ulikuwa umeshavizoea, na mwili uliozoea kitu hauelewi habari za mwisho wa dozi. Akavitafuta kwingine. Aliyemletea alikuwa mwanamume mmoja mwenye chumba Parkdale, mtaa mwingine wa Toronto, mchangamfu, mwenye kusikiliza. Jina lake halitachapishwa kwenye karatasi hii. Mwanzoni alimpa vidonge bure, akampa na mahali pa kulala, na siku alipomtaka alipe alikuwa ameshamwonyesha namna ya kulipa.

Kwa hiyo tangu mwaka 2014 Adelina alikuwa anauza mwili wake barabarani, Parkdale. Limesemwa. Anga halijaanguka.

Connie alihamia kwa Nabintu akiwa na miaka sita. Mtu akiuliza mama yake yuko wapi, sote tulijibu kwamba yuko kazini, zamu za usiku, hospitali ya mbali. Tulijibu hivyo kanisani, shuleni, hata kwenye simu za Songea. Uongo ule tuliusema kwa nia njema mpaka ukawa na harufu ya nyumba.

Watu wengi, na wengine wapo hapa, waliuliza kwa nini asiache tu. Nabintu naye alimuuliza, si kwa utani, siku moja walipokuwa wamekaa kwenye kibanda cha kahawa huko Parkdale. Adelina akamwiga: "Kwa nini usiache tu, wifi?" Sauti ilikuwa ya Nabintu kabisa, na ule ukali wa Kigoma ukiwa ndani yake. Kisha akamweleza taratibu. Aliwahi kutoka na kwenda kwenye makazi ya muda ya wanawake, na yule mwanamume akawa anasimama ng'ambo ya barabara kila asubuhi akimtazama. Aliwahi kutoka tena, akakaa vizuri wiki kadhaa, akaomba kazi kwenye makao ya wazee, wakataka cheti cha polisi. Aliwahi kukamatwa, cheti kikasema hivyo. Aliwahi kutoka wakati wa baridi, akashinda chumbani peke yake, na hakuna mtu aliyempigia simu isipokuwa wasichana wa kulekule, waliotaka kujua kama amekula. "Usiku una mambo yake," alisema, "lakini kinachonirudisha ni mchana, wifi. Mchana mrefu, huna pa kwenda, na kila mtu anakuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii. Kule hakuna anayeniuliza."

Mwaka 2017 alitoka kwa nguvu kuliko nyakati zote. Alipata kliniki ya kumpa dawa ya kunywa kila asubuhi ili kiu ya vidonge itulie, akapata chumba Weston karibu na kwetu, na yule mwanamume alikuwa amefungwa kwa makosa mengine. Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi ikaja kupitia cherehani. Nabintu alikuwa na mteja wa Don Mills aitwaye Tasleem, mama wa Kiismailia ambaye wazazi wake walitoka Lindi. Baba yake, Mzee Ghulamabbas, alikuwa amepoteza kumbukumbu, na Kiingereza nacho kilikuwa kimepotea. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa Kikachi, lugha ya Kihindi ya wazee wake, na Kiswahili, na wahudumu waliotumwa kwake hawakujua hata kimoja. Tasleem alitaka mtu wa kuzungumza na baba yake, na mtu wa nyumbani haombwi cheti cha polisi.

Mzee Ghulamabbas aliamini bado yuko dukani kwake Lindi, duka la vitambaa lililofungwa kabla Adelina hajazaliwa. Wengine walikuwa wakimsahihisha, naye akilia. Adelina aliajiriwa dukani. Alimwitikia "Naam, mzee," alihesabu majora, alimjulisha kwamba mlango wa nyuma umefungwa. Akaongeza na wateja: mama mmoja mbishi wa Mingoyo, karani wa serikali anayetaka kitambaa cha suruali kwa mkopo, kila mmoja na sauti yake. Mzee aliwakatalia mkopo kwa furaha kubwa, kisha akala chakula chake chote. Tasleem alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza. Alimwambia Nabintu kwamba miaka minne hakuwa amemsikia baba yake akicheka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya marehemu, kazi aliyoifanya kwa mwaka mmoja na zaidi, na kama aya ya kazi ingeishia hapo tungekuwa tunasoma wasifu mwingine. Mpango ulikuwa kwamba majira ya kuchipua yakifika Connie ahamie chumbani kwa mama yake. Walikwishachagua rangi ya ukuta. Adelina hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya kuishi na mtoto wake chini ya dari moja, na alitaka mtoto huyo asije akayasikia ya Parkdale kwa mtu mwingine. Angemwambia mwenyewe, akishakua.

Kanisa letu lilikuwa limemwombea. Kina mama walifunga, walimletea kitanda, sufuria, blanketi. Mchungaji Macharia akaona ni haki shukrani itamkwe, naye akamwomba marehemu atoe ushuhuda Jumapili ya Shukrani, tarehe 7 Oktoba 2018. Adelina alisita wiki nzima. Alimuuliza Nabintu afanyeje, na Nabintu akamwambia asiende popote. Lakini Adelina alikuwa amelalia kitanda chao na kupikia sufuria zao, na alisema ataonekana hana shukrani. Akaweka sharti moja, watoto wapelekwe chumba cha nyuma. Siku hiyo mwalimu wa watoto alikuwa anaumwa. Mzee mmoja wa mapokezi akamtuliza kwa kicheko: "Hawa? Hawa ni Wakanada, dada. Kiswahili kwao ni kelele za wazazi." Watu wakacheka, na ilikuwa kama kweli, maana hakuna mtoto pale aliyewahi kujibu kwa Kiswahili hata akiitwa chakula. Connie, miaka kumi, alikuwa safu ya tatu na mchezo wake wa simu, kichwa kimeinama.

Marehemu alisimama akasema yote. Na kwa kuwa alikuwa Adelina, hakuweza kusema bila kuigiza. Alimtoa yule mwanamume, akamtoa askari, akawatoa wenye magari wanaoshusha kioo wakiulizia hali ya hewa. Watu walilia, wakacheka, wakapiga vigelegele. Palikuwa na mwanamume mmoja katikati ya ukumbi aliyetazama viatu vyake tangu mwanzo hadi mwisho. Adelina alimjua, wala si kanisani alikomjulia. Hakumtaja, na jina lake alikufa nalo. Dada mmoja alirekodi video kwa simu, akaituma kwenye kundi la kanisa na maneno ya Bwana asifiwe.

Kuanzia siku hiyo Adelina hakuwa na jina. Alikuwa Dada Muujiza. Mgeni akija kanisani alipelekwa kwake, akaambiwa huyu ndiye yule. Kina mama waliomletea sufuria wakawa wakimsalimu kwa kumkumbatia sana, halafu wanavuta viti vya waume zao upande wa pili. Waume wengine walimshika mkono wakachelewa kuuachia. Hakuna aliyemtukana hata mara moja. Nabintu anaona ingekuwa nafuu angetukanwa, kwa sababu tusi angelijibu.

Ile video haikukaa kwenye kundi. Iliruka kwenda Nairobi, ikaenda Mombasa, ikaenda Dar es Salaam, watu wakaipelekeana kwa kuwa ilikuwa inagusa moyo na kuchekesha. Tulikuwa tumezoea kukichukulia Kiswahili kama chumba cha ndani, ukifunga mlango Toronto nzima haisikii. Tukasahau ni wangapi wenye ufunguo. Kabla Oktoba haijaisha video ilikuwa imefika kwa shangazi zake Tasleem, waliozaliwa Lindi na Mtwara, ambao hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria hata nukta.

Tasleem alimwita Adelina jikoni, akamtengenezea chai mwenyewe. Si mtu mbaya, na wasifu huu hautamfanya mbaya. "Mimi sina neno nawe," alimwambia. "Baba anakupenda. Lakini shangazi wameiona, na watu wanakuja kumtazama baba kila Ijumaa. Nikae nao hapa niwaambie nini?" Adelina aliosha vikombe. Alikwenda chumbani, akamnyoa mzee ndevu kama kawaida, akamwambia anakwenda ghala kuangalia mzigo. Mzee akamwagiza asichelewe.

Alikuja moja kwa moja kwa Nabintu, akakaa pembeni ya cherehani na koti lake mwilini. Hakulia. Nabintu ndiye aliyelia, tena kwa hasira, akitaka kwenda kanisani saa hiyohiyo kuvunja kitu. Adelina akamzuia, akasema maneno ambayo wifi yake anayasikia mpaka leo anapoingia kitandani: "Kutoka nilitoka, wifi. Sikuwa na pa kufikia." Mwezi wa Desemba alikuwa amerudi Parkdale. Wasichana wa kule walimsogezea nafasi wakamuuliza kama ana glavu.

Mchungaji, hili halisemwi ili kukuaibisha. Uliomba ushuhuda, na huu ndio wenyewe.

Miaka iliyofuata marehemu alikuja Weston Jumapili mchana, si kila Jumapili, lakini akisema anakuja alikuja. Alioga, akavaa gauni lililowekwa kabatini kwa ajili hiyo, akamkalisha Connie chini katikati ya magoti yake akamsuka. Na alipokuwa anamsuka alimsimulia kazi. Kwenye masimulizi hayo Adelina bado alikuwa anafanya kwa Mzee Ghulamabbas. Mzee amegombana na karani wa serikali. Mzee ameagiza majora kumi ya khanga, meli imechelewa. Mama wa Mingoyo amerudi, safari hii na dada yake. Mzee wa kweli alikuwa amefariki Machi 2019, na Nabintu alikwenda Don Mills kuhani. Adelina alijua. Lakini kila alipokuja alimfufua, akamvika sauti yake, na mzee akawa anacheka sebuleni kwetu Weston miaka na miaka baada ya kuzikwa. Nabintu alikuwa akienda jikoni asione. Ilimtisha, anasema wazi, kusikia mzee aliyekwisha kuzikwa akiulizia chai yake.

Connie hakuchoka. Alicheka panapochekesha, na mama akianza kuangalia saa alimuuliza kwa Kiingereza mzee amesema nini tena, na kama yule karani alilipa. Adelina akarudi kukaa, akasuka mstari mwingine. Ungedhani mtoto amenogewa tu na hadithi.

Kila Nabintu alipomshauri amwambie mtoto ukweli, Adelina alijibu kwamba bado. Atamwambia akipata chumba chenye mlango wake. Atamwambia akimaliza mwaka bila kurudi. Kuna nyakati alikaa miezi safi kabisa, na angeweza kuja kuishi nasi, godoro lilikuwepo. Hakuja. Aliogopa kwamba akikaa na Connie kila siku mtoto atauliza zamu zake ni za lini, sare yake iko wapi, na uongo utachanika mbele ya macho yake. Barabarani palimruhusu kubaki mama mwenye kazi. Nyumbani pasingemruhusu. Hii ndiyo sababu ambayo wataalamu hawakumuuliza, na pengine kila mwanamke wa kule ana ya kwake.

Mnamo Septemba mwaka huu alianza homa zisizoisha. Tarehe 22 Septemba alilazwa, madaktari wakakuta maambukizi kwenye vali ya moyo, ya muda mrefu. Connie alipofika wodini mara ya kwanza, mama yake alikuwa ameketi kitandani, nywele zimechanwa. Alimwambia kwamba bahati yake ni kubwa, amelazwa hospitali ileile anayofanyia kazi siku hizi. Akawaita wauguzi kwa majina, akawauliza zamu zao. Muuguzi mmoja Mfilipino alimtazama, akamtazama na Connie, akasema kwamba wodi nzima inamsubiri Adelina apone arudi kuwasaidia. Mungu amkumbuke mama yule.

Alipigana wiki sita. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa tisa alasiri, Nabintu akiwa amemshika mkono na Connie akiwa darasani. Asubuhi hiyo alikuwa ameomba maji, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hakuitumia sana, kwamba Jumapili akipata nafuu atamwambia mtoto. Nabintu alimjibu sawa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Xaveria Mbawala wa Songea. Ameacha wifi yake, ambaye sasa hana wa kumwambia nguo zake zimepinda. Ameacha marafiki zake wa Parkdale, wale mliosimama kule nyuma karibu na uzio. Nabintu anawaomba msogee mbele. Mlimuuliza kama amekula, kwa hiyo udongo huu ni wenu pia.

Na ameacha binti yake, Consolata, mwenye miaka kumi na saba. Jumatano wiki hii Nabintu alikwenda naye kwenye nyumba ya mazishi kumvisha mama yake. Walipomaliza Connie aliomba kubaki kidogo. Nabintu alitoka, akasimama upande wa pili wa mlango, ndipo akasikia ndani mtu anasema Kiswahili, Kiswahili cha Songea, laini, hakikukwama popote. Kwa muda aliamini kwamba Adelina ameamka.

Alikuwa Connie. Yeye mwenyewe ametaka maneno yake yasomwe hapa kama alivyoyasema, kwa kuwa ni ya mama yake na mama yake hakuyapata.

"Mama, Mzee Ghulamabbas alikufa zamani. Nilijua. Siku ile kanisani nilielewa yote, kila neno. Nilikuwa nakuuliza habari zake ili usiondoke."

Adelina Kilian Mbawala, Bwana akupe pumziko na amani yake.